Mission: Impossible sehemu ya 8: uliitazama na nani, ikakushika wapi? Tupeane uzoefu

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Nimechelewa, najua. The Final Reckoning imetoka Mei 2025 na mimi ndiyo kwanza nimeimaliza mara ya pili.

Mara ya kwanza nilitoka nimenuna. Dakika 169, na karibu saa nzima ya mwanzo ni watu kukaa vyumbani wakielezana. Mmoja anaanza sentensi, wa pili anaiendeleza, wa tatu anatia nukta, na katikati wanapachika vipande vya muvi za zamani kama vile tumelazimishwa kufungua albamu ya ukoo wa watu. Ile ya 1996 ilikuwa dakika 110 tu. Humo ndani karibu kikosi kizima kiliuawa, msaliti akafichuka, makao makuu ya CIA yakaibiwa, na helikopta ikaingia ndani ya handaki la treni. Nafasi ikabaki.

Mara ya pili niliitazama na mdogo wangu wa mwisho, ambaye katika saba zilizotangulia hajaona hata moja. Nilikaa mkao wa kutafsiri. Hakuniuliza kitu! Vile vipande vya zamani vilivyonikera mimi ndivyo vilivyombeba yeye. Aliyekariri kila kitu ndiye aliyechoka, asiyejua lolote akawa anauma kucha.

Tangu siku hiyo najiuliza: muvi ya mfululizo wa miaka mingi hivi tunaipima kwa kilichomo, au kwa mzigo tulioingia nao?

Sitaki nyota ngapi kati ya tano. Nataka uniambie ulikuwa umeona ngapi kabla, uliitazama na nani, na ni wapi ilikushika au ilikuachia. Uhondo wote utamwagwa humu, ambaye hajaitazama atoke sasa.

Kisu cha Donloe

Mkuu, mimi ni wa 1996, kanda ya VHS. Tena kanda iliyochoka, inaanza kukwaruza pale pale Ethan, yule jasusi wa Tom Cruise, anaponing'inia kwenye kamba ndani ya kile chumba cheupe cha CIA, jasho linateremka kwenye miwani, sauti hakuna. Kwa miaka nilidhani ile mistari ya mkwaruzo ni sehemu ya muvi.

Basi mnamkumbuka yule mfanyakazi wa chumba kile? Alitiliwa kitu kwenye kahawa, akawa anakimbilia chooni kutapika wakati anaibiwa. Donloe. Makosa hayakuwa yake, lakini bosi Kittridge akaagiza apelekwe Alaska akakae kwenye mnara wa rada, siku hiyo hiyo. Tukacheka. Muvi ikaendelea, jamaa tukamsahau.

Miaka 29 baadaye kikosi cha Ethan kinahitaji msaada huko kaskazini, mlango unafunguliwa, ni yeye. Mwigizaji yule yule, Rolf Saxon, mvi zimemjaa. Kweli alipelekwa! Wakati sisi tunashangilia pikipiki na njiwa wa John Woo, yeye yuko kwenye theluji. Na hana kinyongo. Ana mke aliyempata huko huko, na anaona bila ule wizi asingempata.

Nimekaa kitini nalia kwa ajili ya mtu ambaye kazi yake kwenye muvi ya kwanza ilikuwa kutapika. Mke wangu ananiangalia kama nimerogwa, maana yeye alianzia ya nne, ile ya Burj Khalifa. Kwake yule ni mzee mwenye mbwa tu.

Kwa hiyo jibu langu ni mzigo, mkuu. Mimi nililia mzigo wangu.

Jipu

Nililala kuanzia dakika ya ishirini hivi. Nikaamka nyambizi inabingirika. Sijaona nilichokosa.

Mpiga Mbizi

Jipu umenichekesha, ila umeamka mahali penyewe.

Mimi napiga mbizi na mtungi, mwaka wa kumi na moja sasa. Muvi zangu katika mfululizo huu zilikuwa tatu tu, na hii nilipelekwa na wenzangu wa mbizi kwa ajili ya Sevastopol peke yake, ile nyambizi ya Kirusi iliyozama. Tulikwenda kucheka, maana Hollywood ikiingia majini huwa inaogelea kwenye uongo.

Hatukucheka. Kile kipande kina maneno kiduchu sana. Unasikia chuma kikilia, maji yakihama upande, pumzi. Nyambizi imelala ukingoni, kila anachogusa kinaihamisha uzito, inajiviringisha, na makombora yanadondoka kwenye rafu zake. Nilijikuta napumua taratibu kama niko chini nahesabu hewa. Jirani yangu naye hivyo hivyo. Safu nzima ya wapiga mbizi kwenye giza inabania hewa kwenye chumba chenye hewa tele.

Kisha anavua vazi, anatokea kwenye bomba la kurushia makombora, anapanda juu na chupi kwenye maji ya barafu. Hapo ndipo sisi tuliguna. Nieleze kidogo kwa wasiojua. Ukiwa mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukivuta hewa pale, ukaibana na kupanda nayo, ukifika juu imetaka nafasi mara mbili, na mapafu si puto. Ndiyo maana mwanafunzi wa mbizi kabla ya yote anaambiwa asibane pumzi. Jambo la pili ni naitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu. Ukipanda haraka inatoka kama soda iliyofunguliwa ghafla, viputo vinakwenda kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo, popote. Dawa yake ni kukuingiza kwenye chumba cha mgandamizo na kukupunguzia mgandamizo pole pole.

Muvi imekumbuka hicho chumba. Anaamkia humo, Grace, mwenzake wa kikosi, yuko pembeni yake. Uongo upo, mkubwa tu, mtu wa kawaida asingefika huko juu. Lakini ni uongo wa mtu aliyeuliza wataalamu kwanza, halafu akaamua kudanganya. Huo nausamehe.

Stelingi Hafi

Naona watu wanalia tu humu. Niharibu shughuli kidogo.

Nimeziona zote nane, mbili za mwisho kwa shingo upande. Hii ni muvi ya kumsujudia mtu mmoja. Rais anamwambia ni wewe tu. Makamanda wenye meli za ndege za kivita wanambishia dakika mbili, kisha na wao: ni wewe tu. Akili mnemba yenyewe, Entity, iliyoteka makombora ya nyuklia ya nchi moja baada ya nyingine, na yenyewe inamhitaji yeye. Kikosi kimegeuka wapambe. Utamu wa hizi muvi ulikuwa kikosi: mmoja yuko juu ya dari, mwingine kwenye kompyuta, mwingine kavaa sura ya bandia. Sura za bandia zenyewe safari hii ni za kutafuta kwa tochi.

Halafu Mguu wa Sungura. Ile sehemu ya tatu, 2006, dunia nzima inakimbizana na kitu hicho na hatukuambiwa ni nini. Ndiyo ilikuwa raha yake! Miaka 19 tumekaa na siri tamu, kila mtu na jibu lake, leo wanatuambia ulikuwa mbegu ya Entity. Nani aliwauliza?

Na yule Briggs anayemwinda Ethan, eti ni mtoto wa Jim Phelps, msaliti wa 1996. Likasemwa, likaachwa linaning'inia. Wangeendelea kidogo tungeambiwa na yule njiwa wa sehemu ya pili ana mjukuu.

Ila ndege ile ya mabawa ya ghorofa, hapo nilifunga mdomo. Nisiseme uongo.

Mama Mapacha

Kaka Stelingi, njiwa umeniua mbavu.

Mimi sina historia ndefu. Niliona ya sita, Fallout, na ya saba nusu. Hii niliitazama nyumbani na wanangu wawili wa miaka 13, na kwa kuwa kesho yake ilikuwa shule tuliigawa usiku tatu. Nawashauri mfanye hivyo. Usiku wa kwanza maneno, wa pili maji, wa tatu ndege. Ikawa kama tamthilia, na yale maelezo yanayowakera yakawa kazi yake ni kutukumbusha jana tuliishia wapi.

Usiku wa tatu ndio nilioutaka. Ndege mbili za kizamani, moja nyekundu moja ya njano, zilizopigwa picha kule Afrika Kusini, na mtu aliyezaliwa 1962 anatambaa kwenye bawa huku mashavu yanapeperuka kama nguo kwenye kamba. Kulwa akasema hiyo kompyuta. Doto akasema siyo. Wakabishana mpaka nikasimamisha muvi. Tukatafuta, tukakuta Guinness wamempa rekodi ya kuruka na parachuti inayowaka moto: mara 16, kwa ajili ya kipande hicho hicho. Turubai linalowishwa mafuta, anaruka, linawashwa, analikata, anafungua jingine. Kisha anapanda tena kurudia.

Kulwa akanyamaza muda. Kisha akauliza, "Mama, kwa nini asiache?"

Sikuwa na jibu. Nikabonyeza tuendelee.

Dada Manjano

Nilikuwa nimesusa. Ilsa, yule jasusi mwenzake Ethan, alipouawa kwenye sehemu ya saba nilisema huyo Ethan asinione tena. Aliyenirudisha ni kaka yangu.

Sisi wawili tumezitazama zote pamoja tangu tukiwa wadogo. Yeye Ethan, mimi Luther, yule fundi kompyuta wa kikosi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa najua kurekebisha redio. Tangu ahame, tuna utaratibu wetu: kila mmoja anaweka muvi kwake, tunahesabu tatu mbili moja, tunabonyeza, simu iko wazi pembeni. Hatuzungumzi sana. Unasikia tu mtu anacheka mbali.

Safari hii ya kwake ilikuwa mbele kama dakika moja na nusu, sijui intaneti au kidole chake. Hatukugundua mpaka tulipofika kule chini ya ardhi, Luther na bomu. Mimi kwangu bado anaongea na Ethan kwenye lango la vyuma, nadhani kuna mpango, huwa kuna mpango. Nikasikia kwenye simu kaka anavuta pumzi. Kisha hakuna sauti kabisa.

Nikajua. Nilikaa dakika nzima na nusu namtazama Luther mzima, anatabasamu, nami tayari nimeshasikia msiba wake.

Kumbukeni katika watu wote ni Tom Cruise na Ving Rhames, ndiye Luther, tu walioonekana katika sehemu zote nane. Wanawake wamekuja wamekwenda, mabosi wamebadilika, Luther yupo, hata kama ni dakika moja mwishoni kama ile ya nne. Stelingi unasema kikosi kimegeuka wapambe, sawa. Lakini lile bomu Ethan hakulitegua. Alibaki upande wa pili wa vyuma, na aliyepunguza mlipuko mji usiteketee ni Luther.

Sijui ni muvi nzuri. Sijaweza kuitofautisha na ile simu.

Stelingi Hafi

Dada, hapo kwenye lango nakubali. Nilikuwa najifanya natafuta chaja.

Mleta uzi

Nimewasoma wote. Mpiga Mbizi, kuanzia leo sitabana pumzi hata kwenye ngazi. Mama Mapacha, ushauri wa usiku tatu nimeuchukua.

Stelingi, kwenye Mguu wa Sungura niko na wewe moja kwa moja. Ile siri ilikuwa yetu. Kwenye saa ya kwanza pia bado sijabadilika: mkasi ungepita pale dakika 25 pasingetoka damu. Mwongozaji McQuarrie huyo huyo alituletea Fallout, na mle alijua kueleza mambo huku watu wanakimbia.

Kisu cha Donloe, wewe umenichanganya. Mimi nilimwona, nikasema "aa, yule," nikaendelea. Baada ya kusoma ulichoandika nilikwenda kuitoa ile ya 1996 nimwonyeshe mdogo wangu. Tulianza jana usiku. Hajui Jim Phelps ni nani, hajui kikosi kitakufa, yuko tu anafurahia kompyuta zilivyo kubwa.

Tumefika kwenye chumba cheupe. Donloe anaingia, kijana, shati limenyooka, anakunywa kahawa yake. Mdogo wangu akainuka kwenye kochi.

"Kaka, huyu si yule babu wa Alaska? Usinywe! Mwambie asinywe!"