Kumanifesti na mapenzi ya Mungu, kiongozi wa kanisa asimame wapi?

MamaWaPasua:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi usharikani kwetu hapa Moshi na kuna jambo linaninyima usingizi. Mwaka jana nilijiunga na darasa la uongozi mtandaoni, mwalimu akatufundisha kumanifesti, yaani unaandika unachotaka kama vile kimeshatokea, unakisoma asubuhi na usiku, unajiona uko ndani yake, na hutamki kabisa neno la mashaka. Nikaandika kwenye daftari "Nashukuru kanisa letu limeezekwa kabla ya Pasaka". Mimi niliona ni imani tu, nikasimama wakati wa matangazo nikawaambia washarika kama vile Mungu ndiye kasema. Watu wakaguswa wakaongeza ahadi. Pasaka imepita, masika imetukuta kwenye renta, yaani mkanda wa zege juu ya madirisha, nondo zimeanza kutu. Jumapili iliyopita baada ya mnada bibi mmoja mjane, ambaye siku ile alileta jogoo wake ndo huyo huyo mmoja, akanishika mkono akaniuliza taratibu, "mwanangu, ni imani yangu ndo ilipungua?" Sikuwa na jibu. Naombeni mnisaidie.

Kijana_Sakina:
Dada pole sana ila usikate tamaa, Marko 11:24 Yesu mwenyewe kasema tukiomba tuamini kwamba tunapokea. Na Habakuki aliambiwa aiandike njozi. Mimi kila asubuhi kabla sijafungua duka nakiri ushindi na nimeona matokeo. Kiongozi asiye na maono atawapeleka watu wapi? Endelea kukiri tu.

MwinjilistiMstaafu:
Mwanangu wa Sakina, kabla ya huo mstari wa 24 kuna wa 22, "Mwamini Mungu", hajasema uiamini picha uliyoichora kichwani. Na huyo huyo Yesu kule Gethsemane aliomba kikombe kimwondokee, halafu akasema si mapenzi yangu, bali yako yatendeke. Hayakuwa mashaka yale.

Haya mafundisho yana ukoo wake, yalianzia Marekani karne ya 19 kwa watu kama Phineas Quimby, aliyefundisha uponyaji kwa nguvu ya fikra, baadaye akaja Neville Goddard akifundisha kwamba uwezo wa mtu wa kuwaza picha ndio Mungu mwenyewe. Hapo ndipo tunapoachana njia. Maana kama ni mimi ninayeumba, kikishindikana kosa ni langu, na ndio maana yule bibi anajihukumu.

Sisi wa huku Meru tunakumbuka Akeri. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ovir na Segebrock, walikuja kuanza kazi hapo wakauawa hata hawajajenga. Nani atasema walikosa imani? Mwaka 1902 wenzao wakaanzisha kituo Nkoaranga, na sisi wajukuu tunasali huku mpaka leo. Daudi naye alitaka kujenga hekalu, hata nabii Nathani akamwambia nenda, usiku ule ule Mungu akasema hapana, atajenga mwanao. Daudi hakununa, alikusanya mawe na mierezi akamwachia Sulemani.

Mama, nenda nyumbani kwa huyo bibi, usimsubiri kanisani. Mwambie yale yalikuwa maneno yako, Mungu hakuyasema.

Mhasibu_Kijenge:
Shikamoo mwinjilisti. Naongeza kidogo tu, Nehemia aliomba na kufunga, ila alipofika Yerusalemu alizunguka ukuta usiku na watu wachache akaukagua kwanza ndo akawaita watu, na barua ya mbao alishaiomba kwa mfalme. Kwenye kamati zetu mtu akiuliza hela iko wapi anaambiwa ana roho ya kukatisha tamaa, hilo linaniuma sana. Mama, Jumapili soma hesabu yote, kilichoingia, kilichotumika, bati na mbao zilizobaki ni kiasi gani, halafu sema "Bwana akipenda" kama Yakobo 4:15 na umaanishe. Na hizo nondo zipakeni uji wa saruji mapema kabla kutu haijala sana.

MamaWaPasua:
Asante mwanangu wa Kijenge, na shikamoo mwinjilisti, nimesoma huku nalia. Kijana wa Sakina maono bado ninayo, hilo usiwe na wasiwasi. Kesho asubuhi naenda kwa bibi. Kuhusu nondo fundi nimeshampigia.