MJADALA: Mwenye kaseti adimu ya gemu akikataa inakiliwe, ana haki hiyo?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Humu wengi tumekulia kwenye Mario na Contra, kwa hiyo najua hili mtalielewa haraka.

Kuna watu, wengi wao wako Marekani, Japani na Ulaya, wanaokusanya kaseti za Nintendo ya zamani, ile NES iliyoanza kuuzwa New York mwaka 1985. Kaseti nyingi za mashine ile bado zinapatikana kwa bei ya kawaida. Chache zimekuwa ngumu kupatikana. Na katika hizo chache zipo ambazo mwenyewe hachezi, haazimishi, wala haruhusu mtu anakili programu iliyomo. Swali langu ndilo hilo hapo juu.

Kabla hamjanirukia, tutenganishe mambo mawili ambayo kwenye ubishi huu huwa yanachanganywa, mara nyingine makusudi. Kuna uadimu wa plastiki na kuna uadimu wa programu.

Chukueni Stadium Events. Ni gemu ya riadha ambayo Bandai waliitoa Marekani mwaka 1987. Unakanyaga mkeka sakafuni, mwanariadha wako anakimbia kwenye tivi. Nintendo wakachukua haki za mkeka ule, wakaupa jina lao la Power Pad, na kaseti za Bandai zikaondolewa madukani. Mwaka uliofuata gemu ileile ikarudi kwa jina la World Class Track Meet. Ziwashe zote mbili: mbio ni zilezile. Moja utaipata kwa hela ya chipsi kuku. Nyingine watu wanatoa maelfu ya dola, na ikiwa na boksi lake ni makumi ya maelfu. (Ni ile ya Marekani tu. Ya Ulaya ipo ya kutosha, msije mkapigwa.) Kinacholipiwa pale ni karatasi iliyobandikwa usoni mwa kaseti. Sawa, mtu na hela yake.

Chukueni tena kaseti za Nintendo World Championships, 1990. Mashindano yale yalizunguka miji ya Marekani na mshiriki alipewa dakika 6 na sekunde 21: akusanye sarafu 50 kwenye Super Mario Bros., amalize njia moja ya gemu ya magari ya Rad Racer, kisha muda uliobaki wote ni Tetris. Baadaye zikagawiwa kaseti 90 za kijivu kwa waliofika hatua za mwisho, na 26 za rangi ya dhahabu kupitia shindano la jarida la Nintendo Power. Ukiishika moja unaona swichi ndogo usoni mwake, za kupangia muda. Programu yake imeshanakiliwa miaka mingi, leo mtoto mwenye simu anaicheza akitaka. Je, bei ya kaseti zenyewe imeporomoka? Thubutu. Kwa hiyo anayesema "ikinakiliwa mali yangu itakosa thamani" anieleze kwanza kwa nini hizi hazijakosa.

Sasa kidonda kiko huku: prototaipu. Hizi ni kaseti za majaribio, kampuni inatengeneza chache za kupeleka maonyeshoni au kwa waandishi wa majarida, halafu pengine gemu haitoki kabisa. Hapa plastiki ikipotea na programu imekwenda nayo. SimCity ya NES, gemu ya kujenga mji, ilionyeshwa Las Vegas Januari 1991 kisha ikaachwa. Iliyoingia madukani ni ya mashine mpya ya Super Nintendo. Watu wakajua ndiyo basi tena. Mwaka 2017 nakala zikaibuka Marekani, na mwisho wa 2018 taasisi ya Video Game History Foundation ikaiweka programu yake wazi. Kama zingeangukia mikononi mwa mbishi, hadi leo tungekuwa tunasimuliana tu.

Na prototaipu haina uimara wa kaseti ya dukani. Ya dukani programu yake imetiwa ndani ya chipu tangu kiwandani, haifutiki. Prototaipu nyingi zimetumia chipu za EPROM, ambazo kwa juu zina kidirisha cha kioo. Mwanga wa urujuanimno ukipigwa pale, chipu inafutika ili iandikwe upya. Ndiyo maana kidirisha hubandikwa stika. Stika ikibanduka, hatari. Hata isipobanduka, chaji inayoshikilia data inavuja kidogokidogo miaka na miaka. Anayeifungia sefuni akasema ameihifadhi, kuna siku atakuwa amehifadhi kasha.

Msimamo wangu: plastiki ni yako, fungia, uza, zikwa nayo ukitaka. Ila kama programu imebaki nakala moja duniani, nakili kwanza ndipo ufunge. Nawasilisha.

Mkusanyaji wa Ohio:

Kaka, umeandika vizuri lakini unawapangia watu mali zao. Mimi ni mmoja wa hao unaowasema. Hela ya kununua nimeitoa kwenye zamu za usiku ghalani, wewe ukiwa umelala. Leo unakuja kuniambia cha kufanya nayo?

Hizo World Championships zilikuwa na jina kabla hazijanakiliwa, ndiyo maana bei ilibaki juu. Prototaipu ambayo hakuna aliyewahi kuiona bei yake imesimama hapohapo, kwenye kutoonekana. Faili likishatoka, mnunuzi anayefuata anaanza kukwambia "ah, mbona tumeshaicheza."

Halafu tuseme ukweli. Vitu hivi vilikuwa takataka. Mwaka 1983 kampuni ya gemu ya Atari walifukia kaseti zao kwenye jalala la Alamogordo, New Mexico. Zilipofukuliwa Aprili 2014, mji ule ukauza karibu 880 kwa zaidi ya dola laki moja. Nani alinunua? Ni sisi mnaotuita wachoyo. Moja ya E.T., gemu ya ile filamu, ikaenda makumbusho ya Smithsonian. Bila mtu wa kuzithamini zingekuwa chini ya zege mpaka leo.

Na msiwaseme vibaya hata wanaofungia kaseti kwenye makasha ya plastiki gumu yenye alama za ubora kutoka kampuni za ukaguzi. Kaseti bandia zimejaa sokoni, stika zinachapwa nzuri kuliko za Nintendo wenyewe. Lazima awepo wa kufungua na kukagua bodi.

Fundi Spiriti:

Wa Ohio, kukagua bodi ni kwa kaseti iliyo wazi. Boksi ambalo nailoni yake haijachanwa bodi unaikaguaje? Wanakagua nailoni na kona za boksi.

Nitoe mfano wa kifundi. Julai 2021 boksi la The Legend of Zelda ambalo halijafunguliwa liliuzwa Marekani dola 870,000. Ndani ya kaseti ile kuna betri ya kidonge, zile CR2032, imelehemewa kwenye bodi, na kazi yake ni kukumbuka mchezaji alipofikia. Betri ile iko humo tangu 1987. Ya kwako ikifa unaileta kwangu, nafungua kwa bisibisi yake maalumu ya milimita 3.8, natoa betri, naweka nyingine, unaendelea na safari yako. Aliyelipa hela zote zile hawezi. Akichana nailoni tu, utajiri umeisha. Sasa hiyo ni gemu au ni boksi?

Na mkiwa mnabishana, acheni kupuliza kaseti. Unyevu wa pumzi unaingia kwenye meno ya shaba yanaota kutu ya kijani. Pamba na spiriti, basi. Na ile taa nyekundu ya NES kupepesa, mara nyingi ni soketi ya ndani imelegea, kaseti haina kosa.

Mpita Njia:

Mtaani kwetu maji hayatoki, nyie mpo na kaseti. Haya endeleeni, nimepiga kambi hapa.

Bi. Kizingo, Mombasa:

Nyinyi mwazungumza mambo ya minadani. Huku kwetu mtaani sikumbuki mtoto aliyeshika NES ya kweli. Tulikuwa na zile mashine za kuiga Famicom, yaani NES ya Japani iliyotoka 1983, na kaseti za manjano zilizoandikwa 9999999 in 1. Ukiiwasha, orodha yashuka haina mwisho. Ucheze kidogo wagundua gemu ni chache, zarudiwa kwa majina mengine: hapa Mario aanza mwanzo, pale aanza mbele kidogo, nao wameihesabu gemu mpya. Nintendo hakuona hata ndururu ya mamangu.

Lakini nawauliza, hizo za manjano nani azikusanya? Kuna waliobadilisha wahusika, kuna waliopachika majina yao, kuna gemu za Kichina ambazo hazikuuzwa penginepo. Kila kiwanda kilikuwa na ya kwake na hakuna kilichoandika chochote. Zikitupwa zimetupwa. Ukitafuta programu iliyobaki nakala moja duniani, mimi naona yaweza kuwa kwenye ndoo ya plastiki Majengo kuliko kwenye sefu ya Ohio. Ila haina nailoni, kwa hivyo haihesabiki.

Wakili wa Jioni:

Mleta mada, unambana asiye na kesi. Kwa sheria ya Marekani hakimiliki ya kazi ya kampuni inadumu miaka 95 tangu itolewe. Gemu ya 1990 inafunguka 2085 ikiisha. Hata wa Ohio akikubali kesho, atakayeiweka mtandaoni ndiye mwenye kosa. Mwaka 2018 Nintendo walipata hukumu ya zaidi ya dola milioni 12 dhidi ya wenye LoveROMs, tovuti iliyosambaza nakala za gemu.

Na wenye haki hizo hawauzi. Utafiti wa hiyohiyo Video Game History Foundation, Julai 2023, ulikuta asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Maktaba zikaomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti gemu hizo wakiwa majumbani kwao. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa. Mkusanyaji umemkuta mwisho wa mstari, umemgeuza mshitakiwa.

Mleta mada:

Wakili, hapo umenipa kazi. Nakubali mwenye hakimiliki ana lawama kubwa kuliko mwenye kaseti. Ila sikusema popote kwamba iwekwe mtandaoni. Kunakili ni kitu kimoja, kusambaza ni kingine. Sheria inaweza kubadilika miaka 30 ijayo. Chipu iliyofutika haitarudi.

Wa Ohio, hasara unayoiogopa ina njia ya kulipwa. Bio Force Ape ya kampuni ya SETA haikuwahi kuuzwa. Mwishoni mwa 2010 kaseti ya majaribio ikatokea mnadani Japani, wapenzi wakachangishana, wakainunua, programu ikawekwa wazi. Mwenye kaseti alipata hela yake na sisi tukapata gemu. Kwa hiyo taja bei, usituambie haiwezekani.

Na Fundi amenikumbusha jambo. Siku mbili baada ya ile Zelda, Super Mario 64 ikauzwa dola milioni 1.56. Gemu iliyouzwa nakala zaidi ya milioni 11! Mwaka 2022 kampuni inayotoa alama, WATA, ikafunguliwa kesi California na wateja waliodai bei zilipandishwa kwa hila. Ni madai, sitahukumu. Ila mkusanyaji wa kweli angekuwa wa kwanza kukasirika, maana bei zile zimemfungia mlango na yeye.

Mkusanyaji wa Ohio:

Hapo sasa umebadili gia angani. Ulianza na "ana haki ya kukataa?", sasa ni "nakili ukae nayo." Hiyo mbona nafanya! Kila kaseti inayopita mikononi mwangu naisoma kwa mashine kwanza. Faili liko kwenye diski yangu na haliendi popote.

Fundi Spiriti:

Diski moja? Za namna hiyo naletewa dukani zikiwa zimekufa, na wenyewe wanalia.

Mleta mada:

Na wewe ukitangulia mbele za haki, wanao watajua kilichomo kwenye hiyo diski? Mali za marehemu zikigawanywa, kaseti itauzwa kwa sababu ina stika. Diski itafutwa iwekwe picha za harusi.

Mkusanyaji wa Ohio:

Hilo sijalipangia. Nitaliongea na mke wangu, maana taasisi ya watu nisiowajua siwapi. Bi. Kizingo, samahani nikutoe kwenye mada: hizo za njano unazo mwenyewe au unasimulia? Zina bei gani?

Bi. Kizingo, Mombasa:

Ninazo, kwa mama. Siuzi. Lakini ukija likizo na hiyo mashine yako ya kusomea, karibu, chai ipo.

Mkusanyaji wa Ohio:

Yangu ni ya meno 72, za Famicom ni 60. Ngoja nitafute adapta. Na Wakili, hizo za Kichina hakimiliki yake ni ya nani?

Wakili wa Jioni:

Hapo nami naomba muda.