Mrejesho: Miwani ya uhalisia pepe katika somo la kutibu mbao, Kisumu

Walimu wenzangu, niliwauliza jinsi ya kuwaonyesha wanafunzi wa useremala utiaji dawa kwa shinikizo, yaani kusukuma dawa ya kuzuia kuoza na wadudu ndani ya mbao zikiwa kwenye tangi lililofungwa, ilhali kiwandani hawaruhusiwi kukaribia tangi hilo. Nawashukuru sana. Nilifuata ushauri wa miwani ya kadibodi inayobeba simu, ambayo humfanya anayeivaa aone kana kwamba yuko pale pale, video ya kazi hiyo ikiwa imepakuliwa mapema kwa kuwa intaneti yetu ni ya kubahatisha. Walielewa vyema kwamba hewa hunyonywa kwanza kutoka tangini ndipo dawa ya shaba, kromiamu na aseniki isukumwe ndani ya nguzo za mkaratusi. Hata hivyo, baadhi walishikwa na kizunguzungu, na kina ambacho dawa hufikia ndani ya nguzo hakikuwaingia akilini mpaka nilipovaa barakoa na kukata nguzo kwa msumeno, wakaona ukijani wa dawa umeishia sehemu ya nje, kiini kikiwa hakijaguswa.