Kipandauso chenye vimulimuli na vidonge vya majira

Swali: Mteja wa miaka 29 anameza vidonge vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini. Kabla kichwa hakijaanza kumgonga, huona vimulimuli vya zigizaga kama dakika 20. Aendelee?

Jibu: Aache. Estrojeni hurahisisha damu kuganda, na kipandauso cha aina hiyo tayari kinaongeza hatari ya kiharusi. WHO inaweka hali hii kundi la 4, yaani vidonge hivyo visitumike kabisa, umri wowote ule. Mpime na presha.

Jibu: Ila msimwache hewani! Ahamie siku hiyohiyo kwenye kitanzi, kijiti au vidonge vya projestini pekee.

Jibu: Ana kifafa? Kabamazepini na fenitoini, dawa za kifafa, hupunguza nguvu ya kijiti na vidonge, kitanzi hakiguswi. Lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, ni kinyume: estrojeni ndiyo huishusha kwenye damu, degedege likarudi.