Ushauri: mhusika wangu mkuu ni mwizi, na wasomaji wamemchoka

Kalamu ya Jioni
Habari za jioni wanajamvi. Naandika simulizi ya vipande, naituma kwenye kundi la wasomaji kila Jumatano na Jumamosi. Nimefika kipande cha 18. Mhusika mkuu ni Bi Salome, mweka hazina wa kikoba. Wiki mbili kabla ya kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba, mwezi wa Desemba anafungua sanduku na kutoweka na akiba za wanawake 25. Nilitaka msomaji amchukie lakini ashindwe kumwacha. Nimempa sababu nzito, mwanawe anaumwa figo na hela ya matibabu hakuna. Ajabu, kadiri ninavyomtetea ndivyo wasomaji wanavyopoa. Mmoja kaandika, "Mama huyu anachosha, kazi yake kulia tu." Wengine wanataka afungwe nianze simulizi nyingine. Nifanyeje? Usingizi sipati.

Mzee wa Barazani
Binti yangu, mfunge. Mwandishi ni mwalimu wa jamii. Mwizi akipendeza kwenye hadithi, vijana watajifunza nini? Zamani tulisoma hadithi na mwovu alivuna alichopanda.

Chumvi Kiasi
Shikamoo mzee. Sungura je? Wanyama wamechimba kisima, yeye kakataa kushika jembe, usiku anakuja kuiba maji. Mlinzi anaonjeshwa asali, anakubali mwenyewe kufungwa kamba ili aongezwe! Bibi akisimulia tulikuwa tunajigaragaza kwa kicheko. Na hakuna aliyetuambia Sungura ana mtoto mgonjwa.

Fundi Maneno
Chumvi kamaliza. Dada, ugonjwa uko kwenye hiyo figo. Umemwombea Salome msamaha kabla hajakosa, msomaji kabakiwa na kazi gani? Kamsome tena Kazimoto katika Kichwamaji ya Kezilahabi, ya mwaka 1974. Anasimulia mwenyewe, ana kiburi, anawaumiza watu, na hatuombi tumhurumie. Tunamfuata kwa sababu anajiona alivyo na hakwepeshi macho, mpaka anapojiua.

Mtu mbaya anashika msomaji akiwa na kitu anachokitaka kweli, na akiwa anaijua kazi yake. Tuonyeshe mikono ya Salome. Anavyohesabu noti bila kuzitazama, anavyogonga mihuri ya hisa kwenye vitabu vya wenzake huku akiwauliza hali za watoto. Halafu mpe aliyeibiwa sura. Wanawake 25 ni hesabu tu. Mmoja aliyekuwa akisubiri mgao anunue bati, huyo ndiye atakayetukosesha raha tukijikuta tunataka Salome asikamatwe.

Kalamu ya Jioni
Asante Fundi, ila figo siwezi kuiondoa. Wasomaji wameshamwombea mtoto dua, na kipande cha 19 nimekiandika tayari, mtoto anapona. Halafu mama hawezi kuiba hivi hivi tu. Lazima kuwe na sababu.

Mama Kikoba
Mimi ni mwenyekiti wa kikoba, mwaka wa sita huu. Tuliwahi kuibiwa. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshaahidi wanawe nguo za Krismasi, alikaa chini palepale uani, hata kulia hakulia. Kwa hiyo mimi sisomi hadithi hizi kujifurahisha. Ila nina swali. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Huyo Salome wako kafunguaje peke yake?

Kalamu ya Jioni
Hapo nilipapita haraka kwenye simulizi.

Nungunungu
Nilijua! Akaunti ya juzi, simulizi ina "vipande", kesho tutapewa namba ya kulipia. Huyu hana tatizo lolote, anatafuta wateja. Na kikoba hajawahi hata kukikanyaga.

Kalamu ya Jioni
Sikutaka kufika huku. Salome ni mama yangu.

Sanduku lililala kwetu mwezi ule kwa sababu mwenye kulitunza alikuwa na ujenzi. Ufunguo mmoja alikuwa nao mama. Wa pili aliachiwa na mwenzake aliyesafiri msibani. Wa tatu ulikuwa kwenye pindo la kanga ya jirani yetu. Niliufungua mimi wakati ananisuka. Nilikuwa na miaka 13. Hakukuwa na mgonjwa nyumbani, mama alitaka kiwanja. Alikipata, na ndipo tunapoishi mpaka leo.

Mzee wa Barazani
Binti yangu. Pole. Mama yuko hai?

Kalamu ya Jioni
Yuko hai. Anajua naandika, hajui naandika nini.

Nungunungu
Mimi bado siamini. Fundi kadai sura, dakika kumi baadaye sura imeletwa na kanga yake.

Fundi Maneno
Iwe kweli au ya kutunga, ndugu yangu, mistari hiyo michache imenishika kuliko figo yote. Dada, mhusika wako mkuu si Salome. Ni huyo mtoto anayesukwa. Anza hapo, vidole vya jirani vikiwa kichwani mwake na vyake vikiwa kwenye fundo. Usieleze kwa nini.

Kalamu ya Jioni
Nikiandika hivyo wataniuliza nimejuaje.

Mama Kikoba
Sikuulizi mtaa. Nakuuliza kitu kimoja tu. Aliyekuwa anakusuka alikuja kujua?

Kalamu ya Jioni
Alilaumiwa yeye kwa kupoteza ufunguo, wakahama. Binti yake yumo kwenye kundi la wasomaji. Tangu kipande cha kwanza hajakosa hata kimoja.