Eti Bedford College kilikuwa "cha kushona vitambaa"??

Wakuu nimewaka hapa nilipo. Yule bwana, simtaji maana humu nani hamjui, jana usiku najielezea zangu habari za Bedford College, kile chuo cha wanawake cha London, hata sijafika popote, akarusha voisi: "Aaa, kile cha kina mama cha kushona vitambaa, si kilishamezwa?" Halafu akacheka. Kile kicheko! Kinaanza sekunde ya sita na nahisi mpaka sasa hivi anacheka, majirani zake hawajalala.

Vitambaa! Elizabeth Jesser Reid, mjane wa watu, katoa pauni 1,500 zake mwenyewe kafungua chuo mwaka 1849 kwenye nyumba namba 47 Bedford Square, wakati huo hakuna chuo kikuu Uingereza kinachompa mwanamke digrii, University of London yenyewe imekuja kukubali 1878! Miaka 29 wasichana wanakomaa na masomo bila digrii mbele yao, leo wewe unaniletea vitambaa. Sarah Parker Remond, dada mweusi wa Marekani aliyezunguka Uingereza akihutubia kupinga utumwa, kasoma pale, alifuata kudarizi? Kathleen Lonsdale kapata digrii yake ya fizikia pale, ndiye aliyekuja kuonyesha kwa eksirei 1929 kwamba pete ya benzini, ile molekuli yenye kaboni sita zilizoshikana duara, ni bapa. Na sindano aliishika saa ngapi?

Haya, 1985 hela zilibana wakaunganishwa na chuo kingine, Royal Holloway, wakahama Regent's Park, London, walikokaa tangu 1913 wakaenda Egham, nje ya jiji. Kwenye sheria jina ni Royal Holloway and Bedford New College ila watu wanaita Royal Holloway basi, Bedford imepotelea katikati, na hilo linaniuma mno. Sasa mtu analichekea! Sekunde ya sita wakuu.

Kitasa: Kunywa maji kwanza mkuu. Umeisikiliza mara ngapi mpaka unajua sekunde?

Mleta uzi: Mara kumi na moja.

Bi Msomi: Huyohuyo kaniambia mimi Radcliffe, kile chuo cha wanawake cha Marekani kilichokuwa ubavuni mwa Harvard, kilikuwa "bweni la Harvard". Bweni! Wanawake walikuwa hawaruhusiwi kukanyaga maktaba ya Lamont pale Harvard mpaka 1967, na chuo kimekuja kuungana kabisa na Harvard 1999. Nililia.

Ndundule: Afadhali nyie. Westfield, chuo kingine cha wanawake London, kimeanzishwa 1882, 1989 kikaunganishwa na Queen Mary, leo taja Westfield uone kama kuna anayegeuka.

Mleta uzi: Fungua uzi wako, hapa tunaongelea vitambaa.

Ndundule: Vitambaa umevileta wewe bana, mwenzio kasema mara moja tu.

Kitasa: 😂😂

Pweza Mkavu: Mimi kinachonimaliza ni voisi zake za dakika saba, mbili za kwanza anakohoa.

Bi Msomi: Na jogoo anawika nyuma!

Pweza Mkavu: Ile ya jogoo ninayo bado.

Kitasa: Irushe.