Nasikia hatua za adui lakini sijui anatokea upande gani (CS2)

Kipanga_usiku
Wakuu, habari zenu. Nacheza Counter-Strike 2 (CS2), gemu ya timu mbili kupigana risasi, si mgeni sana, na kulenga naweza. Kinachonimaliza ni masikio. Namsikia kabisa mtu anakimbia, nageukia mbele, kumbe yuko mgongoni, nimekwenda. Wenzangu waliokufa kabla yangu huwa wananitazama, wanauliza, "Mbona alikuwa anasikika wazi?"

Natumia hedifoni za Bluetooth, na maiki yake hiyo hiyo ndiyo naongelea na timu. Sauti nimeiweka mwisho. Kwenye kompyuta nimewasha pia ule mfumo wa sauti ya kuzunguka (surround). Ninunue hedifoni za gemu zilizoandikwa 7.1, yaani za sauti ya kuzunguka, au tatizo ni mimi mwenyewe?

Sikio_pana
Weka hela mfukoni kwanza, mkuu. Hedifoni nyingi za Bluetooth hutoa stereo nzuri zikiwa zinasikiliza tu. Ukifungua maiki yake, zinahamia kwenye mfumo wa kupigia simu: masikio yote mawili yanapewa sauti ile ile moja, tena hafifu. Hapo kushoto na kulia havipo tena, utamsikia adui lakini upande hutaujua hata ukeshe. Hakikisha mwenyewe: ingia mechi ya mazoezi, sikiliza, kisha washa maiki. Sauti ikiwa ghafla kama inatoka ndani ya pipa, umeshampata mchawi. Chomeka hedifoni za waya, hata zile za simu, maiki itafutie chanzo kingine. Waya unakuondolea pia ule ucheleweshaji wa Bluetooth, ambao mara nyingi hupita milisekunde 100.

Halafu zima ule mfumo wa sauti ya kuzunguka. CS2 tayari ina HRTF, yaani hesabu zinazoiga jinsi kichwa na masikio yanavyoibadilisha sauti kabla haijaingia ndani. Ukipitisha sauti hiyo kwenye mfumo wa pili, unavuruga kilichokwisha kupangwa, na cha kwanza kupotea ni mbele na nyuma. Hizo 7.1 nazo nyingi ni spika mbili na programu, kwa hiyo ungelipia tatizo lile lile.

Sasa kwa nini unageukia mbele na mtu yuko nyuma. Ubongo hutambua upande kwa sababu sauti hufika sikio moja mapema kidogo kuliko jingine, tofauti isiyozidi kama milisekunde 0.7, na hulifikia kwa nguvu zaidi. Mtu akiwa mbele yako kabisa au nyuma yako kabisa, sauti yake inafika masikio yote mawili pamoja. Nje ya gemu tunageuza kichwa bila hata kufikiri. Humu kichwa chako ni kipanya. Ukisikia hatua, zungusha kidogo kulia, kidogo tu, usigeuke mzima. Sauti ikihamia sikio la kushoto, yuko mbele. Ikihamia la kulia, yuko nyuma. Mwanzoni utafanya kwa kufikiri, baadaye mkono unafanya wenyewe.

Mlinzi_wa_B
Naunga mkono, ila mnasahau kelele anazotoa mchezaji mwenyewe. Wengi wanakimbia raundi nzima halafu wanalalamika hawasikii. Hatua zako zinafunika za adui! Shikilia kitufe cha Shift utembee polepole, au simama kabisa ukifika karibu na kona. Na usikilize zaidi ya miguu: mtu akijaza risasi unamsikia, akivuta darubini ya AWP, ile bunduki ya kulengea mbali, unamsikia, akiruka kutoka juu unamsikia. Anayejaza risasi ndiye wa kumvamia.

Muziki wa gemu uzime, bakiza ule wa sekunde 10 za mwisho kabla bomu halijalipuka. Sauti za wenzako zipunguze. Kuna mmoja kwenye kila timu anasimulia alivyokufa mpaka raundi iishe.

(Anayecheza Valorant, gemu nyingine ya aina hii, ana bahati, ramani ndogo inamchorea duara la umbali kelele zake zinapofika.)

Asiyelenga
Na hiyo sauti ya mwisho ishushe, ndugu. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini zikifika 90 zinabaki saa 4 tu. Hizo saa 4 wengine humu tunazimaliza Jumamosi kabla ya kula.

Kipanga_usiku
Nimechomeka waya, nimezima ule mfumo. Kushoto na kulia kumefunguka! Ila ramani ya Nuke bado inanitesa, sijui yuko juu au chini.

Sikio_pana
Nuke inatesa kila mtu, eneo la bomu la A liko juu ya lile la B. Kutambua juu na chini kunategemea umbo la sikio lako mwenyewe, na HRTF ya gemu haikupimwa kwenye sikio lako. Kwa hiyo sikiliza anakanyaga nini: chuma cha kwenye njia za hewa hakilii kama zege. Mwombe rafiki azunguke A wewe umesimama B, kisha mbadilishane.

Na ukifa usishike simu. Fumba macho, msikilize aliyebaki, taja kimoyomoyo adui yuko wapi, halafu fumbua uone.